Siku Tatu za Mia Sita Themanini na Nne

Sauti yenyewe ilikuwa fupi kuliko hata neno: tak. Kama mtu amegonga jino lake kwa ukucha. Baba aliishika ile fimbo ndefu ya mbao kwa mikono miwili, akailaza ubavu polepole, na mimi nilikuwa nimeweka sikio karibu na kioo. Ilipofika mahali fulani, zebaki ilipanda ndani ya mrija wake, ikagonga juu kabisa, tak, na baba akatabasamu peke yake kama mtu aliyeitwa jina lake la utotoni.

"Umesikia? Pale juu hakuna kitu. Hata hewa hamna. Ingekuwamo hewa ungesikia tup, kama mtu anapiga mto."

Wiki mbili zilizopita nimeisikia tena. Nilikuwa kwa muuza vyuma chakavu hapa mjini Morogoro. Mimi ni fundi cherehani, na wapangaji wenzangu wameshanizoea: Jumapili baada ya misa wao wanavaa wanakwenda kutembea, mimi navaa kandambili nakwenda kuchakura vyuma. Mpaka sasa nina mizani mbili, dira moja isiyojua kaskazini, pima-maji ya shaba na mnyororo wa kupimia mashamba uliokatika katikati. Nina ndoto ya chumba chenye rafu za kioo, watoto waingie bure, waguse. Wakinicheka nacheka nao, maana hata mimi nikijitazama nimebeba mnyororo begani naona vichekesho. Siku hiyo chini ya rimu za baiskeli nikaona fimbo nyembamba ya mbao yenye kioo. Nikaitoa, nikailaza kwa mazoea tu, bila kutegemea chochote.

Tak.

Nikakaa juu ya tairi. "Dada vipi," akaniuliza yule muuzaji, "umeona nyoka?"

"Hapana. Nimemsikia baba yangu."

Akanitazama, akasogea mbali kidogo.

Baba alishatutoka, mwaka wa pili huu. Daftari lake ninalo mimi, lile la jalada gumu alilokuwa akiandika vipimo kila asubuhi. Ndani yake kuna mistari mitatu iliyokatwa kwa penseli, kwa mwandiko wa mtoto. Ndugu zangu wameiona, wakauliza nani aliyechafua daftari la mzee, nami nikanyamaza. Sasa naona nimenyamaza vya kutosha.

Nyumbani kwetu ni juu ya Mkuyuni, unapanda mpaka unaziacha chini nyumba za barabarani, unapita migomba, halafu unapumzika, halafu unapanda tena. Baba hakuwa mtu wa pale. Alitoka Gairo, kwenye tambarare za mahindi na karanga, na ujana wake alifanya kazi ya kuwabebea wapima ardhi vyombo vyao. Hapo ndipo alipougua ule ugonjwa wake wa vyombo vya kupimia. Hakusoma zaidi ya darasa la saba, lakini akiona kitu chenye vistari na namba, basi, macho yake yanakuwa ya mtu anayeona chakula. Alikuwa na mizani ya zahanati ya zamani yenye vijiwe vya shaba vidogo kama punje. Alikuwa na kipima mvua cha shaba kilichobonyea, amekisimika uani. Alikuwa na saa ya ukutani isiyo na mishale, na ukimuuliza ya nini anakwambia, "Mishale itakuja."

Ile fimbo aliipata misheni, walipokuwa wanaondoa vitu vya zamani kwenye nyumba ya mapadre. Jina lake la kitabuni ni barometa. Sisi tuliiita fimbo ya hewa, kwa sababu baba alisema inapima uzito wa hewa, na majirani waliiita mti wa Mjerumani, kwa sababu kwetu kila kitu cha zamani kisichojulikana mwenyewe ni cha Mjerumani. Aliibeba kwa miguu kutoka misheni, nusu siku nzima, ameilaza mikononi kama mtoto anayetoka kubatizwa, maana kwenye gari ingepasuka. Alipofika mama akamtazama kutoka jikoni akasema, "Mume wangu, watu wanatoka misheni na dawa." Lakini akampa maji.

Kila asubuhi saa moja, kabla sijaenda shule, tuliisoma. Ilikuwa lazima iwe saa ileile, kwa sababu mchana inashuka na jioni inapanda hata kama mbingu hazina habari. Huku kwetu haiendi mbali, inasogea unywele tu, na macho ya baba yalikuwa yameanza kuchoka. Kwa hiyo msomaji nilikuwa mimi. Napanda kigoda, yeye anasimama na daftari na kalamu.

"Jicho liwe sawa na zebaki, Vero. Ukitazama kutoka juu unajidanganya. Ukitazama kutoka chini unajidanganya."

"Mia sita themanini na nne."

"Tena."

"Mia sita themanini na nne."

Ndipo anaandika. Na mara nyingi ilikuwa hiyohiyo, themanini na nne, mpaka mimi niliona ni namba ya nyumba yetu, namba ya mambo kuwa sawa. Maana baba alikuwa ameniambia, "Ikianza kushuka siku kwa siku, ujue kuna kitu kinakuja." Alikuwa anasema mvua. Mimi nilielewa kitu chochote. Na wiki aliyofariki bibi mzaa mama, fimbo ilishuka kweli, nikaona kwa macho yangu, na siku ya mazishi ikanyesha mpaka jeneza likaingia kwenye maji. Mtu mzima angesema ilikuwa masika. Mimi nilisema: fimbo ilijua.

Sasa nifike kwenye kosa langu, ambalo ni la kitoto kabisa. Shuleni mwalimu wa sayansi alichora kipimajoto ubaoni, akauliza, "Nani amewahi kuona zebaki?" Mimi huwa sinyooshi mkono. Siku hiyo nikanyoosha.

"Kwetu ipo, mwalimu. Imejaa mti mzima."

Darasa likacheka. Aliyekuwa amekaa nami dawati moja hakucheka. Kaka yake alikuwa ananunua vyuma chakavu sokoni Mkuyuni.

Nyinyi wa rika langu mtakumbuka habari za zebaki za miaka ile. Ilisemekana Mjerumani alipokimbia vita aliificha kwenye vyerehani, kwenye redio za mbao, kwenye kila kitu kizito. Ilisemekana ile yenyewe inakimbia kitunguu saumu na inaifuata dhahabu, na mwenye nayo hatalima tena maisha yake. Watu walivunja vyerehani vya bibi zao. Mimi leo nikifikiria vile vyerehani moyo unaniuma kama vile ni watu.

Haikupita wiki. Jumatano mchana nilikuwa uani naosha vyombo, mjomba akaingia. Mjomba alikuwa kaka mkubwa wa mama, mtu mrefu, anavuta maneno mwishoni kama wanavyovuta watu wa juu milimani, na akicheka hata kuku wanasimama. Nilimpenda. Lakini lazima mwelewe nafasi yake. Kwetu Uluguru ardhi ni ya ukoo wa mama. Nyumba yetu ilisimama kwenye ardhi ya mama, na mwenye sauti juu ya ardhi hiyo, na juu yetu watoto, alikuwa mjomba. Baba alikuwa amekuja na jembe lake, na mizani yake.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Osha, osha, kesho kutwa utaoshewa."

Akaingia ndani. Mlango ulikuwa wazi.

"Shemeji," akasema, "Jumamosi nakuletea wageni. Watu wa mjini. Wanataka kuona ule mti wako una nini tumboni."

"Una zebaki," baba akasema. "Kiasi cha kikombe kidogo. Si siri."

"Ndiyo hiyo. Utawafungulia waipime."

"Nikiifungua hewa itaingia. Ikiingia sina namna ya kuitoa. Itakuwa imekufa, shemeji."

"Kitu kikifa mara moja kikamjengea dada yangu nyumba ya tofali, kimekufa vizuri."

Nilisikia mama anapeta maharage, sha, sha, sha, halafu ungo ukasimama.

"Na nikisema hapana?"

"Ukisema hapana, nami nitasema." Mjomba hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililonitisha. "Miaka yote hii umejaza nyumba ya dada yangu vyuma vya marehemu. Nimecheka, nimenyamaza. Sasa kimoja kimepata maana, unakikumbatia. Ardhi hii ina wenyewe. Wewe na mti wako mna kwenu pia, na mabasi ya Gairo yapo kila siku."

"Kaka," mama akasema.

"Sijamfukuza mtu. Nimesema mabasi yapo."

Alipotoka akanigusa kichwa kama kawaida yake. Sahani ilikuwa mkononi mwangu na sikujua nimeiosha au la. Nilijua kitu kimoja tu. Maneno yale yalitoka dawatini kwangu, yakashuka mpaka sokoni, yakapanda mlima tena yamevaa kofia ya mjomba. Na baba yangu ataondoka na basi.

Alhamisi asubuhi nikapanda kigoda, nikaweka jicho sawa. Zebaki ilikuwa kwenye themanini na tatu.

Nyuma yangu kalamu ya baba ilikuwa inasubiri. Nikafikiri, nikiitaja, itakuwa imeshasemwa, na kitu kikishasemwa kinaanza kutembea. Nilikuwa nimeshajifunza hilo.

"Mia sita themanini na nne."

"Tena."

"Mia sita themanini na nne."

Akaandika. Alipokwenda bustanini nikarudi kwenye kigoda. Nilikuwa nimesikia shuleni kwamba zebaki ikipata joto inapanda, na hapo sikuweza kutofautisha fimbo yetu na kipimajoto. Nikaushika mrija kwa viganja viwili, nikaupumulia hewa ya moto kama ninavyompumulia mdogo wangu vidole asubuhi ya baridi. Nikakaa hivyo mpaka mikono ikafa ganzi. Ilibaki palepale, inang'aa, hainijali.

Ijumaa themanini na mbili. Nikasema themanini na nne. Baba akasema, "Tena," nami nikasema tena, na safari hii sauti yangu ikatoka nyembamba. Akaniuliza, "Unaumwa?" Nikasema koo. Akanipa asali. Naomba mniamini, hakuna kitu kichungu nimewahi kula kama asali ile.

Jumamosi themanini na moja, na nadhani chini yake kidogo. Mkono wangu ulikuwa umeshika ukuta. Nje hapakuwa na wingu hata moja, mlima umesimama safi mpaka unaona miti mmojammoja.

"Mia sita themanini na nne," nikasema, na hata kabla hajaomba nikarudia mwenyewe.

Mama akauliza kutoka mlangoni, "Baba Vero, nianike?" Yalikuwa maharage yetu yote ya msimu ule, ya kula na ya mbegu.

"Anika," baba akasema. "Fimbo haijasogea tangu Jumatano. Mvua haipo."

Mama akatandika mikeka kwenye lile jiwe kubwa chini ya nyumba, akayamwaga, akayasambaza kwa mguu. Nikamtazama tu. Nilikuwa sijaelewa bado. Nilidhani kinachokuja kinakuja kwa miguu.

Na kweli kilikuja kwa miguu. Saa nne mjomba akafika na wageni wawili, wamelowa jasho, viatu vyao vya mjini vimejaa udongo mwekundu. Mmoja alivaa miwani ya jua na hakuivua hata ndani. Mwingine alikuwa mnene, ana pete ya dhahabu kidoleni, na mfukoni alikuwa na vitunguu saumu. Majirani watatu wanne wakajikuta wana shida ya kuazima kiberiti siku hiyohiyo. Wakapewa viti. Chai ikamiminwa. Yule wa miwani akaizunguka fimbo ukutani bila kuigusa, akasema, "Hii ni yenyewe. Hii ni ya kabla ya vita." Mjomba akanyoosha miguu yake kama mtu aliyeshapumzika.

Baba alikuwa anatafuta bisibisi. Polepole sana.

Ndipo bati likalia. Tone moja, kama jiwe. Halafu mawili. Halafu hakukuwa na kuhesabu. Mvua ya kwetu haigongi mlango. Mama akapiga kelele moja, "Maharage," akatoka mbio, majirani nyuma yake, na mimi nyuma yao. Maji yalikuwa yanashuka juu ya lile jiwe kama yamefunguliwa bomba. Mikeka miwili tuliiwahi. Wa tatu ulikuwa umeshakunjamana pembeni, na maharage yalikuwa yanaporomoka bondeni, mekundu, yanarukaruka kama yanacheza. Mama alisimama pale amelowa, ameshika pembe za khanga yake zilizojaa alichoweza kukamata. Hakulia. Ni afadhali angelia.

Tuliporudi ndani mjomba alikuwa anacheka, kile kicheko chake cha kusimamisha kuku.

"Shemeji! Mti wako haujui hata mvua iliyo mgongoni kwake."

Baba alikuwa ameweka bisibisi chini na amekwenda kwenye fimbo mwenyewe. Alisogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Akaweka ukucha kwenye mstari, akauacha hapo. Nikaona mgongo wake unatulia. Halafu akageuza kichwa, akanitazama.

Nimetazamwa na watu wengi maishani, wengine kwa hasira. Sijawahi kuogopa kama pale, na jicho lake halikuwa na hasira hata kidogo. Lilikuwa linasoma. Sawasawa, si kutoka juu, si kutoka chini.

"Ulisema haipo," mama akamwambia. Maji yalikuwa yanamdondoka kwenye kidevu.

"Nilisema."

"Si huyu mtoto ndiye msomaji wako?" mjomba akauliza. "Au naye umemfundisha uganga?"

Kila mtu akanigeukia. Nikashika upindo wa gauni langu. Baba alikuwa na mlango wa kutokea, mkubwa, wazi. Neno moja tu, mtoto amesoma vibaya, na heshima ya fimbo ingerudi, na yake pia, mbele ya mke na shemeji na wageni.

"Msomaji ni yeye," baba akasema. "Mwandishi ni mimi. Aliyesema anika ni mimi. Kosa langu, mama Vero." Akaokota bisibisi. "Haya. Tufungue."

Akaitoa ukutani. Akaipindua taratibu, akafungua kikombe cha mbao cha mwisho wake wa chini, kinachokaa zebaki, akamimina kwenye sahani ya bati tone kubwa kama jicho la ng'ombe. Nilisikia kitu kinavuta pumzi ndani ya mrija, fyuu, kidogo tu. Hakuna mwingine aliyesikia. Baba alifumba macho.

"Msiiguse kwa mkono," akasema. "Haichezewi hii."

Yule mnene akamenya punje ya kitunguu saumu kwa kucha, akaichoma kwenye njiti, akaisogeza kwenye sahani. Zebaki ikateleza ikaenda upande wa pili. Akaifuata, ikakimbia. Majirani wakasema eeh kwa pamoja.

"Mnaona?" akasema yule wa miwani. "Inakimbia. Mzee, mti huu tunaondoka nao."

Mjomba akapiga paja. Mama alikuwa amesimama mlangoni na khanga yake ya maharage, anamtazama baba tu. Na mimi nilikuwa nahesabu moyoni nguo za baba, ni ngapi, zitaingia kwenye mfuko upi.

"Vero," baba akaniita. "Niletee karanga moja. Zile za Gairo."

Nilikwenda kwenye kibuyu jikoni, nikaleta. Akaimenya, akaichoma kwenye njiti nyingine, halafu badala ya kuishika mwenyewe akanipa mimi.

"Sogeza. Taratibu."

Nikasogeza. Zebaki ikakimbia.

Yule mnene akakitazama kitunguu chake.

"Inaogopa karanga," akasema jirani mmoja.

"Inaogopa Gairo," mwingine akasema, na mtu akaguna kicheko.

"Sasa chukua harage kwa mama yako," baba akasema. Nikachukua, limelowa. Zebaki ikalikimbia harage. Nikaisogezea njiti tupu, ikaikimbia njiti. Baba akawageukia wageni, na alizungumza kwa upole, kama anavyonieleza mimi nikiwa kwenye kigoda. "Ukipima kitu kwa kitu kimoja, hujapima. Hii inakimbia kila kitu, bwana. Ndivyo ilivyoumbwa. Ni zebaki ya kawaida, ya kupimia hewa."

"Na dhahabu je?" Yule mnene alikuwa ameanza kutoka jasho upya. "Dhahabu inaifuata. Hilo huwezi kubisha."

"Hilo sibishi. Ndiyo maana nakuomba usiiweke pete yako."

"Ahaa! Anaogopa." Akaivua, akaidondosha sahanini.

Zebaki haikukimbia. Iliikumbatia. Ikaipanda pande zote, na yule wa miwani akasema, "Si mnaona, si mnaona," mpaka mwenzake alipoitoa kwa njiti na kuifuta kwenye leso. Pete ilikuwa nyeupe. Nyeupe kama kijiko cha bati. Akafuta tena. Akafuta kwa nguvu, akaipeleka mlangoni kwenye mwanga, akafuta kwa ndani ya shati.

"Hii ni pete ya ndoa," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine kabisa, mdogo. "Nitamwambia nini mke wangu?"

Halafu mjomba akaanza. Alianza kama kikohozi, mabega yakatikisika, akajaribu kuzuia kwa kikombe cha chai, chai ikamtoka puani, na hapo nyumba nzima ikaachia kicheko. Hata mama, na maharage yake mkononi, akaegemea mlango. Mimi sikucheka. Nilikuwa namwangalia mjomba, kwa sababu alikuwa bado hajasema neno lake la mwisho kuhusu baba.

Wageni hawakusubiri mvua iishe. Yule wa miwani alitupa maneno mlangoni kuhusu watu wa milimani na muda wa watu kupotezwa, wakashuka wameshikana mikono kwa utelezi. Majirani wakapata viberiti vyao, wakaondoka.

Mjomba akabaki. Akamaliza chai yake, taratibu. Akaitazama sahani, akaitazama fimbo iliyolala sakafuni, akamtazama dada yake aliyelowa. Mwisho akainua uso juu, kwenye kona ambayo maji yalikuwa yanapenya kila masika.

"Shemeji," akasema, "hapa panavuja."

"Panavuja," baba akasema.

"Jumatatu nitaleta fito na misumari. Wewe utapanda juu, mimi mgongo hauniruhusu." Akasimama. "Na hiyo sahani izikeni, mtoto asije akalia chakula humo."

Akanigusa kichwa, akatoka. Nikamsikia anacheka tena huko njiani, peke yake, mvuani.

Mama aliizika ile sahani nyuma ya choo. Kabla ya hapo baba alikuwa ameirudisha zebaki kwenye kikombe kwa karatasi aliyoikunja kama faneli, akafunga, akaisimamisha fimbo. Kisha akailaza ubavu, polepole, kwa mikono miwili. Hakuniita. Nilikuja mwenyewe, nikaweka sikio.

Tup.

Akaiinua, akailaza tena. Tup. Akaitundika mahali pake, akaifuta vumbi kwa mkono wa shati, akatoka kwenda kumsaidia mama kutenga maharage yaliyoanza kuvimba. Hakuniuliza kwa nini. Si siku ile, si siku nyingine yoyote. Nimekuwa nikijiuliza kama alijua pia habari ya shuleni, na kwa nini katika nyumba yenye watu wazima wote wale, njiti ile alinipa mimi.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Walitangulia kanisani, mimi nikasema nitawafuata. Saa moja ilikuwa imefika na kwa mara ya kwanza hakuna aliyesema "panda kigoda." Daftari lilikuwa kwenye msumari wake. Nikalitoa, nikakaa sakafuni, nikatafuta penseli yangu ya shule. Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi. Nikakata mstari wa kwanza, nikaandika pembeni: si kweli. Nikakata wa pili. Si kweli. Wa tatu niliukata mara mbili, karatasi ikatoboka kidogo.

Mstari wa Jumapili ulikuwa mtupu. Nikalichukua daftari, nikatoka nalo uani kwenye kipima mvua. Nikaimimina mvua yote ya jana kwenye gilasi ya vistari, nikaiweka juu ya jiwe, nikasubiri itulie. Nikapiga magoti kwenye tope na gauni langu la misa, nikainama mpaka jicho langu likawa sawa na maji. Nikasoma. Nikajiambia, tena. Nikasoma tena, nikaandika.